Simu ya intaneti kati ya Lubumbashi na ugenini: kusoma dalili na kutafuta chanzo

Mtu wa Lubumbashi anayekaa ugenini kwa miezi kadhaa, awe mwanafunzi aliyeko Johannesburg, mfanyabiashara anayefuata mali Guangzhou au Dubai, au ndugu anayemwangalia mgonjwa aliyepelekwa India, hutegemea simu ya intaneti karibu kwa kila neno analotaka kuambiana na watu wa nyumbani. Simu hiyo ikianza kusumbua, watu wengi hununua mega zaidi, na hilo lisiposaidia hubadilisha programu. Hatua zote mbili husaidia mara chache, kwa kuwa huchukuliwa kabla mtu hajajua tatizo limekaa wapi.

Maelezo haya yanafuata utaratibu mwingine: kusikiliza dalili, kuamua ni sehemu gani ya njia inayoileta, kisha kugusa sehemu hiyo tu. Simu kati ya Katuba, hapa Lubumbashi, na Guangzhou hupita katika nyumba ya Katuba, katika nyumba ya Guangzhou, na katika njia ndefu iliyo kati yao. Ni ndani ya nyumba hizo mbili tu ambamo wewe na jamaa yako mnaweza kurekebisha kitu kwa mikono yenu, na makosa mengi kwa kweli yamo humo.

Sauti inakatika na maneno yanamezwa

Dalili hii hulalamikiwa kuliko nyingine zote, na pia hueleweka vibaya kuliko zote. Anayesikia maneno yaliyokatika hudhani kwamba intaneti yake ndiyo mbovu, ilhali sauti anayoisikia imesafiri kutoka upande wa pili na huenda iliharibika mwanzoni kabisa mwa safari. Swali la kwanza, basi, ni kama nyote wawili mnasikia vibaya au ni mmoja tu. Ikiwa mama aliyeko Katuba anakusikia vizuri huku wewe ukipata nusu tu ya maneno yake, pakiti (vipande vidogo vya data vinavyobeba sauti) zinazopotea ni zile zinazotoka kwake kuja kwako. Mama na apige basi simu ya intaneti kwa mtu mwingine, tuseme shangazi aliyeko Kolwezi, nawe umpigie mtu aliye katika nchi unamokaa. Shangazi naye akimsikia mama kwa shida, kosa liko Katuba. Ukimsikia vibaya hata mtu wa karibu yako, kosa liko kwako. Simu hizo mbili zikiwa safi, kosa liko katikati, na hapo subira na kubadili saa ya kupiga vitasaidia kuliko fedha.

Mega nyingi si dawa hapa, kwa sababu simu ya sauti haihitaji kasi kubwa. Kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya zamani ya G.711 hutumia kilobiti 64 kwa sekunde kwa sauti yenyewe, na takriban kilobiti 87 ukijumlisha taarifa za njiani zinazoambatanishwa na kila pakiti. G.729 huibana sauti hadi kilobiti 8, ambazo njiani hufika kama 31. Opus, iliyosanifishwa mwaka 2012 na kutumiwa na programu nyingi za leo, inaweza kushuka hadi kilobiti 6. Hata kwa G.711, saa nzima ya mazungumzo, kwenda na kurudi, haifiki mega 80. Kinachoharibu sauti ni pakiti kupotea, pakiti kuchelewa, au pakiti kufika kwa vipindi visivyolingana. Mafundi huridhika upotevu usipozidi asilimia 1 na kuyumba kwa vipindi kusipozidi milisekunde 30. Kuhusu ucheleweshaji, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, linapendekeza usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja.

Mambo hayo hupimwa bila kununua chochote. Kwenye kompyuta yenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike ping -n 100, ikifuatiwa na anwani ya ruta yako, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1; amri hiyo hutuma pakiti 100 za majaribio na kupima muda wa kila jibu. Kisha rudia amri hiyohiyo kwa anwani 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Kwenye simu ya mkononi kuna programu za bure zinazofanya kazi hiyohiyo. Matokeo yasomwe kwa mpangilio huo. Majibu ya ruta yanapaswa kurudi ndani ya milisekunde chache, bila hata moja kupotea. Yakiruka hadi 200 au mengine yasipofika, tatizo ni wifi iliyo ndani ya nyumba, na kampuni ya intaneti haina kosa. Ruta ikijibu vizuri lakini 8.8.8.8 ikayumba, tatizo liko nje ya mlango wako.

Wifi inayoyumba ina sababu zinazotofautiana kwa mahali. Katika bweni la wanafunzi au jengo la ghorofa, masafa ya 2.4 GHz hujaa ruta za majirani, na kuhamia 5 GHz huleta nafuu ya haraka. Katika nyumba ya Lubumbashi yenye kuta nene za matofali, ushauri ni kinyume chake: mawimbi ya 5 GHz hupenya ukuta kwa shida, na anayezungumza kutoka chumba cha mwisho atafaidika zaidi na 2.4 GHz, au akisogea karibu na ruta. Waya kutoka ruta hadi kompyuta ni bora kuliko vyote, na kwa mtu anayefanya kazi kwa simu kila siku naona ni jambo la lazima.

Kuna sababu nyingine ambayo ningeichunguza mapema katika nyumba yoyote yenye simu kadhaa kwenye modemu moja. Mtu mmoja akituma video, au simu yake ikianza kupandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni bila yeye kujua, njia ya kupandisha data hujaa, na pakiti za sauti hupanga foleni nyuma ya video hiyo. Pima 8.8.8.8 nyumba ikiwa imetulia, kisha pima tena wakati mtu anatuma video. Ikiwa majibu yanapanda kutoka milisekunde 60 hadi 900, chanzo umekipata. Ruta nyingi zina mpangilio wa kuzipa pakiti za sauti kipaumbele, na mpangilio huo ukiwashwa, kikomo cha kasi ya kupandisha kiwekwe chini kidogo ya kasi halisi uliyoipima. Ruta isiyo na mpangilio huo inahitaji makubaliano ya nyumbani: hifadhi ya picha ifanyike usiku wa manane, na video zisubiri simu iishe.

Ikiwa upande wa Lubumbashi unatumia mtandao wa simu za mkononi, saa ina uzito mkubwa. Jioni watu huwa wengi kwenye mnara mmoja, na umeme wa SNEL ukikatika hali huwa ngumu zaidi, kwa kuwa mnara wenyewe huenda unategemea betri. Lubumbashi iko saa mbili mbele ya UTC, saa ya kimataifa ya marejeo. Dubai iko mbele yetu kwa saa mbili, India kwa saa tatu na nusu, na China kwa saa sita. Saa moja asubuhi ya Lubumbashi ni saa saba mchana Guangzhou, na ni saa nzuri kwa pande zote mbili. Ruta ya nyumbani, kwa upande wake, huweza kuendelea kufanya kazi umeme ukikatika ikiwa imeunganishwa na betri ndogo maalumu. Nyingi hutumia volti 12, lakini soma maandishi yaliyo chini ya ruta kabla ya kununua, ili volti zilingane sawasawa na ampea za betri zisipungue zile ruta inazohitaji. Kama nyumba ina fiba, kile kisanduku cha fiba kilichoko ukutani nacho kinahitaji umeme huo, na watu wengi hukisahau.

Sauti ni safi, lakini mnaongea kwa kugongana

Hapa pakiti zote zinafika, ila zinachelewa. Umbali wenyewe hauna lawama kubwa: mwanga ndani ya fiba hutembea takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za kebo huongeza kama milisekunde 5, na hata njia ya kilomita 15,000 haichukui zaidi ya milisekunde 75 kwenda. Ucheleweshaji unaosumbua huwa na chanzo kingine. Ulizia kwanza kama upande mmoja unatumia setilaiti ya aina ya zamani, iliyoko kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambayo bado hutumika migodini na katika vituo vya mbali. Kupanda na kushuka peke yake huchukua karibu robo sekunde, na hakuna mpangilio wa simu utakaoondoa hilo. Mnapaswa kuzungumza kwa zamu, kila mmoja akimaliza sentensi kabla mwenzake hajaanza. Setilaiti za chini kama za Starlink, zilizoko kilomita 550 hivi, hazina tatizo hilo.

Chunguza pia VPN, programu inayopitisha data yako kwenye seva ya mahali pengine. Mtu aliyeko Afrika Kusini ambaye VPN yake inatokea Marekani anaivusha sauti yake bahari mara mbili kabla haijafika Lubumbashi. Izime na upige tena.

Simu haiiti, kisha taarifa ya simu uliyokosa inafika baadaye

Intaneti huwa nzima kabisa katika hali hii. Simu nyingi za Android, hasa Tecno, Infinix, Huawei na Xiaomi, huziua programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia ili kuokoa betri. Ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu unayopigia simu, uiondolee vizuizi, na uiruhusu kujiwasha yenyewe. Rudia kazi hiyo kila mfumo unaposasishwa, kwa sababu masasisho huweza kurudisha vizuizi.

Wanaonunua simu China wana sababu ya ziada. Simu za Android zinazouzwa kwa soko la ndani la nchi hiyo kwa kawaida hazina huduma za Google, na Huawei ilipoteza huduma hizo kwenye simu zake mpya kuanzia mwaka 2019. Programu nyingi hutegemea huduma hizo ili kuamshwa simu inapoingia. Kabla ya kumnunulia yaya au mama simu kama hiyo, hakikisha programu mnayotumia inaita hata skrini ikiwa imezimwa kwa saa nzima.

Simu haiungani kabisa

Angalia tarehe na saa ya kifaa. Simu iliyozimika muda mrefu na kuwaka na tarehe ya zamani hukataa kuungana na seva, kwa kuwa vyeti vya usalama vya seva huonekana kwake kuwa si halali. Kama bado unajaribu kufungua Skype, huduma hiyo ilifungwa tarehe 5 Mei 2025, na hakuna mpangilio utakaoirudisha.

Baada ya hapo uliza sheria ya nchi unamokaa. Katika Falme za Kiarabu, ujumbe wa WhatsApp hupita lakini simu za sauti na video huzuiwa. Zinazoruhusiwa ni programu zenye kibali, kama BOTIM, na ndugu wa Lubumbashi anapaswa kuwa nayo pia. Wengi hushauriana kutumia VPN. Sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inatoza faini ya dirhamu 500,000 hadi 2,000,000 kwa anayeficha anwani yake ya mtandao ili kutenda kosa, na kwa mtu aliyekwenda huko kwa wiki chache kununua mali, sioni simu yoyote inayostahili hatari hiyo. China nayo imeizuia WhatsApp tangu mwaka 2017, na njia ya kawaida ni WeChat kwa pande zote mbili. Akaunti ya WeChat ifunguliwe kabla ya safari, kwa kuwa mara nyingi akaunti mpya hudai kuthibitishwa na mtumiaji wa zamani. Laini ya Kongo iliyofunguliwa kutumika nje mara nyingi hupitisha data yake hadi kwenye mtandao wa nyumbani, ndiyo maana WhatsApp huweza kufanya kazi kwayo hata China, ingawa gharama yake haifai kwa mazungumzo marefu.

Katika nchi isiyo na kizuizi, kama India au Afrika Kusini, simu inayokataa kwenye wifi ya hospitali au chuo lakini ikakubali kwenye data ya simu inaonyesha kwamba wifi hiyo imefunga milango (njia zenye namba zinazopitisha data) ya sauti, au kwamba hujakamilisha ukurasa wa kuingilia. Fungua kivinjari kwanza. Ukurasa usipotokea na wavuti zikafunguka vizuri, muulize msimamizi, au tumia data yako.

Unasikia lakini husikiki, au simu inakatika baada ya nusu dakika

Sehemu hii inawahusu hasa wenye nambari kamili ya simu ya intaneti inayotumia SIP, itifaki (kanuni) ya kuanzisha na kumaliza simu: mfanyakazi aliyehamishiwa Lubumbashi kwa muda na kuja na nambari yake ya Ubelgiji, au Mkongo aliyeko nje ambaye kampuni imempa nambari ya ofisi. Katika mfumo huu, ujumbe wa kuanzisha simu hupita mlango 5060 au 5061, na sauti hupita milango mingine. Ruta inapobadilisha anwani ya ndani kuwa ya nje, huenda seva ikaelekezwa kupeleka sauti kwenye anwani isiyofikika. Simu huita na kupokewa, lakini mmoja hasikii kitu.

Zima kwanza mpangilio uitwao SIP ALG kwenye ruta. Uliwekwa ili kurekebisha anwani zilizo ndani ya ujumbe wa SIP, lakini mara nyingi huuharibu ujumbe huo, na ningeuzima hata kabla ya kuuliza lolote. Kisha, kwenye programu au kifaa chako, washa STUN (inayokisaidia kifaa kujua anwani yake ya nje), au ICE (inayochagua njia inayofaa) pamoja na TURN (seva inayopitisha sauti katikati) ikiwa mtoa huduma anazo. TURN ndiyo ya uhakika zaidi kwa mitandao ya simu za mkononi, ambako wateja wengi hushirikishwa anwani moja ya nje. Ukiona anwani ya nje ya ruta yako inaanza na 100.64 hadi 100.127, uko katika hali hiyo, na kufungua milango kwenye ruta yako hakutasaidia.

Simu inayokatika kila mara katika sekunde ya 32 ina maana yake mahususi. Aliyepokea simu husubiri uthibitisho kutoka kwa aliyepiga, na usipofika ndani ya muda huo, mfumo hukata. Chanzo ni kilekile cha anwani, na tiba ni ileile. Inayokatika baada ya dakika 15 au 30 kamili huelekeza kwenye ujumbe wa kuhuisha simu, ambao muda wake wa kawaida ni sekunde 1,800. Na ikiwa unaweza kupiga lakini watu hawakupati isipokuwa muda mfupi baada ya wewe kupiga, ruta yako inafunga njia mapema. Weka ujumbe wa kushikilia njia kila sekunde 20 au 25. Kubadili namna ujumbe wa SIP unavyosafirishwa, kutoka UDP (isiyoshikilia muunganisho) kwenda TLS (inayoushikilia na kuusimba), hutatua mengi ya matatizo haya kwa pamoja, kwa hiyo ulizia kama mtoa huduma wako anaikubali.

Menyu ya benki isiyotambua namba unazobonyeza inahitaji mpangilio wa DTMF (milio ya namba zinazobonyezwa) ubadilishwe kuwa RFC 2833 au RFC 4733.

Unasikia mwangwi wa sauti yako mwenyewe

Chanzo kiko kwa mwenzako: spika yake inarudisha sauti yako kwenye maikrofoni. Apunguze sauti ya spika au atumie vipokea sauti vya masikioni.

Nambari haipo, na msimbo wa uthibitisho haufiki

Baada ya kuweka laini ya kigeni, majina yaliyohifadhiwa kwa nambari zinazoanza na sifuri huacha kufanya kazi, na programu nyingine huacha kuwatambua wenye nambari hizo. Kabla ya kusafiri, hifadhi kila nambari ya Kongo kwa +243 ikifuatiwa na tarakimu tisa, bila sifuri ya mwanzo.

Laini ya nyumbani itunzwe kwa uangalifu kuliko simu yenyewe. WhatsApp huendelea na nambari ya zamani hata ukitumia data ya laini nyingine, lakini ukipoteza simu, msimbo wa kurudi utatumwa kwenye laini hiyo, kama ilivyo kwa misimbo ya benki. Kabla ya kuvuka Kasumbalesa au kupanda ndege, uliza kampuni yako laini hudumu muda gani bila kuongezwa unite, fungua huduma ya kupokea SMS ukiwa nje, na uweke PIN ya hatua ya pili kwenye WhatsApp. Kompyuta iliyounganishwa na WhatsApp huondolewa kwenye akaunti ikiwa simu kuu haijatumika kwa zaidi ya siku 14, na akaunti isiyotumika siku 120 hufutwa. Uwe pia na laini ya nchi unamokaa, kwa kuwa WhatsApp haipigi simu za dharura.

Kila kitu ni kizima, ila simu za nje ni mbovu kwa wote

Simu za Lubumbashi kwa Lubumbashi zikiwa safi na za nje zikiwa mbovu kwa kila mtu, huenda kebo imekatika. Mwezi Agosti 2023, maporomoko ya chini ya bahari kwenye bonde la mto Kongo yalikata kebo za WACS na SAT-3, zinazopita pwani ya magharibi ya Afrika. Tarehe 14 Machi 2024, kebo nne ziliharibika karibu na Côte d'Ivoire, na Mei mwaka huohuo kebo za EASSy na Seacom zilikatika upande wa mashariki. Matengenezo husubiri meli na huweza kuchukua wiki kadhaa. Jaribu kampuni nyingine ya simu, kwa sababu huenda inapita njia tofauti, mathalani ya kusini kupitia Zambia, zima video, na kwenye WhatsApp washa chaguo la kutumia data kidogo kwa simu.

Ikibidi kumwandikia mtoa huduma, mpe mambo yanayopimika: nani alimpigia nani, upande upi haukusikia, simu ilidumu sekunde ngapi, matokeo ya ping ya ruta na ya 8.8.8.8, na kama tatizo linabaki ukihamia mtandao mwingine. Taja tarehe na saa ya simu moja iliyoharibika, ukieleza kuwa ni saa ya Lubumbashi, kwa sababu Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, kumbukumbu nyingi za seva huandikwa kwa saa ya UTC, na fundi akitafuta saa isiyo sahihi atajibu kwamba hakuona hitilafu yoyote.